Siku Niliyoiwasha Kompyuta ya Dada

Dada yangu alishuka kwenye Kosta ya kwanza kutoka Kilosa, mkono wa kushoto umefungwa kifuani kwa kanga, mkono wa kulia umekumbatia sipiyu ya kompyuta iliyoviringishwa shuka, begi la mkononi likining'inia begani. Kondakta alitaka kumpokea, akakataa. Alivuka barabara kuu katikati ya malori mawili yaliyoegeshwa, akaingia kwenye kibanda changu cha ufundi hapa Mikumi, akaitua ile sipiyu juu ya meza, ndipo akakaa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Itengeneze iwake. Leo hii, kabla hajaja."

Sikuuliza nani. Jicho lake moja lilikuwa limefumba kabisa kwa uvimbe, na pembeni mwa mdomo kulikuwa na damu iliyokauka. Mkono uliokuwa chini ya kanga ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Nikamwambia twende hospitali kwanza. Akatikisa kichwa. Alisema tutapita polisi kuchukua PF3, ile fomu ya matibabu, polisi watauliza nani kamfanya hivi, naye akimtaja mumewe, mumewe atasema ameanguka. "Kama mara ile," akasema. "Safari hii siendi mikono mitupu."

Mara ile naikumbuka vizuri kwa sababu nilikuwepo. Ilikuwa Kidete, nyumbani kwa mama, karibu na reli. Dada alikuwa amekimbia Kilosa akiwa na meno mawili mkononi, yamefungwa kwenye karatasi, na ukoo ukaitisha kikao. Shemeji alikuja na gunia la mchele begani, akamsalimia mama kwa kupiga goti, akakaa kwenye mkeka wala si kwenye kiti. Alieleza kwa sauti ya upole kwamba mkewe ana kizunguzungu, anaanguka ovyo, na kwamba inamuuma sana kuona anasingiziwa. Ukimtazama usingeweza kumkatalia. Ndiye yule mtu ambaye Mto Mkondoa ulipofurika na maji kuingia majumbani alibeba wazee mgongoni, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwenyewe akaanguka kwa uchovu. Alikuwa anaimba sauti ya nne kwenye kwaya. Na mimi, kitinda mimba, ndiye aliyenipeleka Morogoro kusomea ufundi wa kompyuta baada ya baba kufariki, wakati hakuna mwingine aliyekumbuka kwamba nina akili.

Baba mkubwa alimaliza kwa kusema ndoa ni uvumilivu. Mama akainamisha kichwa. Dada akanitazama. Wiki mbili kabla ya kikao nilikuwa nimemsugua mgongo bafuni nikaliona kovu la pasi katikati ya mabega, pembetatu nzima, hata ncha yake inaonekana. Mbali na mumewe, nilikuwa mtu pekee kwenye mkeka ule aliyeliona. Nikaangalia kucha zangu. Siku iliyofuata dada alirudi Kilosa na mumewe kwa treni.

Sasa alikuwa amekaa mbele yangu na hakuwa na muda wa kunilaumu. Alinieleza kilichomo. Baada ya kikao kile alianza kujipiga picha kwa simu kila alipopigwa, na asubuhi akifungua steshenari yao pale karibu na soko la Kilosa, anazihamishia kwenye kompyuta ya dukani. Alizificha kwenye folda aliyoiita Mitihani ya Darasa la Nne, kwa kuwa mumewe hakuwahi kufungua kazi za walimu. Simuni anazifuta. Amefanya hivyo kwa miaka mitatu.

"Jana ameona nini?" nikamuuliza.

"Hajaona kitu. Nilikuwa namchapia mama mmoja barua ya talaka, ya kwake yeye, siyo yangu. Akaja nyuma yangu akasoma. Akasema nimeanza kujifunza."

Mumewe akaichukua simu ya dada akaitwanga kwa mchi wa kinu sakafuni mpaka kioo kikawa unga. Kompyuta akaiangusha kutoka mezani, akaipiga mateke mawili. Mchi ulikuwa bado mkononi. Dada alinyanyua mkono kuficha uso, na mkono ukapokea. Asubuhi mume alipoenda kuoga, yeye akafungua duka kwa ufunguo wa akiba, akaiviringisha sipiyu kwa shuka, akaenda stendi.

Niliifungua. Bati la ubavuni lilikuwa limebonyea mfano wa kisigino. Nilipoiunganisha na umeme diski ilianza kugonga ndani kwa ndani, tak, tak, tak, kisha ikanyamaza, kisha ikagonga tena. Fundi yeyote anaujua mlio ule. Diski inayogonga hivyo ina saa chache za kuishi, pengine dakika, na kila ukiizima na kuiwasha unaipunguzia.

Nilikuwa na diski moja mpya ya SSD, ya mteja, bado kwenye boksi lake. Sikumpigia mteja kumwomba ruhusa. Nikaikata nailoni, nikaziunganisha zote mbili kwenye kompyuta yangu ya kazi, ile inayokufa na ile mpya, nikaanza kunakili diski nzima kama ilivyo, kila kilichomo, kutoka moja kwenda nyingine. Baada ya hapo ningeichomeka mpya ndani ya mashine ya dada na kuiambia iwakie humo. Nikamweleza hivyo. Akasema, "Fanya."

Tukasubiri. Mstari wa kijani kwenye skrini ulikwenda kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Mara mbili ulisimama kabisa, na diski ikawa inagonga haraka haraka, nami nikaiwekea pakiti ya maji baridi niliyonunua jirani, ikatulia. Dada hakulala wala kulia. Aliongea. Aliniambia mambo kwa mpangilio, kama mtu anayesoma orodha ya vitabu vya shule. Kichwa kwenye fremu ya mlango, msimu wa mahindi. Mkanda wa suruali, upande wenye chuma, siku aliyochelewa kwa sababu ya mvua. Mimba ya pili iliyotoka baada ya teke. Hiyo hakuipiga picha, hakuwa na nguvu ya kushika simu. Kila mara baada ya kumpiga, mume alichemsha maji na kumkanda. Alimkanda vizuri, akasema. Ana mikono mepesi.

Nilimsikiliza. Nilitamani shemeji angekuwa pale mezani badala ya diski, nami niwe na bisibisi.

Kunakili kulimalizika baada ya adhuhuri. Nikaifunga SSD ndani ya sipiyu ya dada na kwa haraka yangu nikairudisha na ile ya zamani pia, nikaiwasha. Mashine ikaenda moja kwa moja kwenye diski ya zamani. Ndivyo zilivyo, usipoiambia vinginevyo, kompyuta itaamkia pale ilipozoea kuamkia hata kama pamevunjika. Ikagonga, ikasimama kwenye skrini nyeusi. Nikaichomoa ile ya zamani, nikaiacha mpya peke yake. Skrini ikaandika kwamba haioni diski ya kuwakia.

Dada aliyasoma maandishi yale. Uso wake mzima uliteremka.

"Zimepotea?"

"Hazijapotea. Zimo. Mashine haijui pa kuzitafuta."

Nilisema kwa uhakika ambao sikuwa nao. Nikainama na tochi. Ile betri ndogo ya duara, inayoitunzia kompyuta kumbukumbu ya saa na mipangilio yake, ilikuwa imeruka kwenye kiti chake kwa lile teke na kulala chini ya waya. Basi mashine ilikuwa imesahau kila kitu ilichowahi kuambiwa, ikarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na katika mipangilio ile haikubali kuwaka kwa mtindo wa zamani ambao diski ya dada iliandikwa. Nikaibandika betri. Nikaiwasha nikaingia kwenye bayosi, ukurasa ule wa bluu wa mipangilio, nikairuhusu iwake kwa mtindo wa zamani, nikashuka kwenye orodha ya diski za kuwakia, nikaipandisha SSD ikawa ya kwanza. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kuhifadhi na kutoka ndipo pikipiki iliposimama mlangoni.

Nilibonyeza, nikageuka.

Shemeji alivua helmeti. Alikuwa amejaa vumbi la njia yote ya kutoka Kilosa, shati limechomekewa vizuri.

"Habari za kazi, shemeji."

"Nzuri. Shikamoo."

"Marahaba. Nimefuata mke wangu na kompyuta yangu. Wateja wananisubiri." Akamtazama dada aliyekuwa amesogea mpaka ukutani. "Mama, twende nyumbani. Nimekupikia uji."

Mimi nikasema, "Mkono wake umevunjika. Anaenda hospitali."

"Ameanguka," akasema, kwa sauti ileile ya Kidete.

Nikamwambia hajaanguka. Nikaongeza neno moja, lile ambalo nilipaswa kulisema kwenye mkeka. "Unampiga."

Aliitupa helmeti usoni kwangu bila hata kubadilisha uso. Ilinipata juu ya nyusi. Nilianguka chali juu ya boksi la waya, damu ikaingia jichoni, na katika ule wekundu nikamwona anapita juu yangu kama anavyopita mtu juu ya mfereji. Akaushika mkono uliofungwa kanga. Hakumshika dada, aliushika mkono, pale pale palipopinda, akauvuta. Nimefanya kazi miaka mingi na vitu vinavyovunjika, lakini mlio ule sijausikia tena na sitaki. Dada alitoa sauti ya mnyama. Mume akalichukua begi la dada la mkononi akalitundika begani, akamburuta kuelekea mlangoni.

Nikatoka kwa kutambaa kabla yao. Nje palikuwa na watu: madereva wa malori wanaokula, bodaboda kwenye kijiwe chao, wauza machungwa, mafundi wa pancha. Ningeweza kusema "nisaidieni". Nililijua neno hilo, lilikuwa mdomoni. Nikalichagua lingine.

"Mwizi," nikapiga kelele. "Mwizi, mwizi."

Aliyekulia nchi hii anajua neno hilo linafanya nini. Nilijua. Nililipiga mara tatu, na mara ya tatu nililipiga kwa nguvu kuliko ya kwanza, kwa sababu niliona vichwa vinageuka.

Shemeji alitokea mlangoni akiwa na begi la kike begani na mwanamke anayevuja damu mkononi. Hakuna aliyeuliza swali. Bodaboda mmoja alimpiga ngwala, akaanguka kifudifudi kwenye kokoto. Jiwe la kwanza lilimpata nyuma ya sikio. Mtu wa lori akaja na mpini wa jeki. Magazeti huwaita wananchi wenye hasira kali, lakini nyuso nilizoziona hazikuwa na hasira. Zilikuwa na bidii, kama watu waliokuta mwenzao anasukuma gari bovu wakaamua kumpa mkono. Walimpiga mateke ya mbavu kwa zamu. Alijikunja, akasema jambo, mdomo ukajaa damu likapotea. Mpini wa jeki ulishuka kwenye goti lake na nikaona mguu unakwenda upande usio wake. Mtu akaja anasukuma tairi chakavu kutoka kwa fundi pancha, analiviringisha kwa mkono mmoja kwa ustadi, na mwingine nyuma yake ana chupa ya petroli ya kuuzia bodaboda.

Nilikuwa nimesimama hatua tano, nimeshika kitambaa kwenye jicho. Nitasema ukweli kwa kuwa ndiyo maana naandika. Nilifurahi. Nilipoona tairi nilifurahi.

Dada ndiye aliyeanza kutembea. Alipita kati ya wanaume wale, akapiga magoti, kisha akajilaza juu ya mume wake, mwili mzima, mkono uliovunjika ukiwa umebanwa chini. Teke lililokuwa njiani likampata yeye mgongoni.

"Si mwizi," akasema. "Ni mume wangu."

Hawakusikia, au hawakutaka. Mmoja akamshika bega kumwondoa. Akaung'ang'ania mkanda wa shemeji kwa meno na mkono mmoja. "Ni mume wangu. Begi ni langu. Ni mume wangu."

Mama lishe aliyekuwa anauza wali jirani yangu, mwanamke mnene asiyependa kelele, alikuja na mwiko wake akasimama mbele ya yule mwenye petroli. "Mnampiga mwanamke," akasema. "Mtazameni mkono." Alisema taratibu. Mwenye petroli akatazama mkono, akatazama chupa yake, akaanza kuifunga kifuniko. Wengine wakarudi nyuma hatua moja moja. Yule wa jeki aliuweka mpini chini polepole, kana kwamba ameuokota tu.

Polisi walifika muda si mrefu, askari wawili wa kiume na mmoja wa kike. Shemeji alikuwa hai. Sikio moja lilikuwa halipo mahali pake, na alikuwa anapumua kwa kukoroma. Wakampakia kwenye pikapu. Askari wa kike akamwambia dada naye apande. Dada akasema anaomba dakika tano kwanza.

Akaingia ndani ya kibanda, mimi na yule askari tukimfuata. Kwenye meza, katikati ya waya nilizoziangukia, kompyuta ilikuwa imewaka. Ilikuwa imewaka muda wote ule, yenyewe, kwenye diski mpya, na skrini ilikuwa na ile picha ya maua aliyokuwa ameiweka dukani. Sikusikia furaha yoyote. Dada akakaa, akaishika mausi kwa mkono mzima, akafungua kazi za walimu, akafungua mitihani ya darasa la nne.

"Afande, tazama," akasema.

Askari alitazama amesimama. Shingo yenye alama za vidole. Mgongo uliopigwa picha kwa msaada wa kioo, na ndani ya kioo unaona simu na jicho la dada. Sikio lililopasuka. Yale meno mawili, aliyokuwa ameyatunza, juu ya karatasi ya daftari. Alizipitia moja moja, na alipofika kwenye lile kovu la pasi, pembetatu nzima, akavuta stuli akakaa. Kila picha ilikuwa imebaki na tarehe yake. "Ziko ngapi?" akauliza. Dada akasema hakuwahi kuzihesabu.

Mkono ulifanyiwa upasuaji mara mbili na haukunyooka. Shemeji alilazwa miezi kadhaa, akatoka na gongo, na alipofikishwa mahakamani Kilosa alikana mashtaka siku ya kwanza. Siku ya pili zilipoletwa picha alimwomba hakimu zisionyeshwe, akakiri. Mama alikuwepo. Alizitazama picha tatu halafu akatoka nje, nikamkuta amekaa kwenye ngazi za mahakama, amevua viatu, amevishika mapajani. Baba mkubwa hakuja.

Kuhusu waliompiga, polisi walizunguka wakiuliza, na hakuna aliyemwona mtu. Yule wa mpini wa jeki alikuja kwangu wiki iliyofuata, simu yake haishiki chaji. Nilisafisha tundu la chaji kwa sindano. Hakulitazama jicho langu lililoshonwa, nami sikuitazama mikono yake. Nilipoandika maelezo yangu polisi niliandika kwamba watu walidhani ni mwizi kwa sababu ya begi. Sentensi hiyo ni ya kweli na niliisaini.

Dada alihamia Chanzuru, kwenye ekari ya marehemu baba, analima mahindi na ufuta, na anachapa kazi za watu kwenye kompyuta ile ile. Nilikwenda kumsaidia kuvuna mwaka wa pili tangu ahamie. Tulikuwa nje tunapukuchua, na nikaona siwezi tena kula chakula chake bila kumwambia.

"Dada, siku ile, aliyepiga kelele ya mwizi ni mimi."

Aliendelea kupukuchua. Punje zilidondoka kwenye ungo.

"Nilikusikia," akasema. "Sauti yako naijua tangu hujaota meno."

"Nilitaka wamuue."

"Najua. Na mimi nilitaka, kwa kitambo kidogo hivi. Pale mlangoni." Akalitupa gunzi. "Halafu nikaona wale wanaume hawanijui. Hata jina langu hawajui, na wanafanya kama wananifanyia mimi."

Nikamuuliza kama amenisamehe. Alichukua hindi jingine.

"Kwa hili la mwizi, sina cha kukusamehe, kamuulize yeye," akasema. "Kwa lile la Kidete bado. Nikiwa tayari nitakuambia."

Hajaniambia mpaka leo, na huwa simuulizi. Siku ile jua lilikuwa linapanda, akasimama akavuta kiroba, akaniambia niushike mdomo wa kiroba kwa mikono miwili nao uwe wazi kabisa, maana yeye atamimina kwa mmoja. Nikaushika. Akamimina.